Gundi ya pancha ijaribiwe juani kabla ya kununua katoni

KWA mchuuzi wa ndizi anayetegemea baiskeli huko Kabanga, wilayani Ngara, kiraka kikibanduka njiani hasara si bei ya gundi. Hasara ni mikungu iliyochelewa soko, na mnunuzi anayejua fika kwamba mwenye mzigo hawezi kurudi nao nyumbani.

Kabanga ipo nyanda za juu, mpakani na Burundi. Alfajiri kuna baridi, mchana jua ni kali, na kwenye mteremko breki huipasha moto rimu. Kiraka kimoja hupitia yote hayo kwa siku moja.

Solusheni ya tyubu ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika kinachoruka hewani upesi. Lazima kimiminika hicho kiishe ndipo kiraka kibandikwe. Kwa kawaida dakika tano zinatosha, ila kwenye baridi huhitaji muda zaidi, na hapo ndipo fundi mwenye haraka huharibu kazi. Kiraka hushika, mteja hulipa na kuondoka. Jua likipanda gundi mbichi hulainika, na upepo uliomo ndani hutanuka ukitafuta pa kutokea. Wapo wanaotumia supa glu. Hiyo hukauka ikawa ngumu, wakati tyubu hujikunja kila gurudumu linapozunguka, hivyo hupasuka.

Maabara huvipasha joto na kuvipoza vipande vilivyogandishwa, kisha huvivuta hadi viachane. Mwenye duka la vipuri anaweza kufanya jaribio la namna hiyo bila mashine. Akate vipande sita sawasawa vya tyubu kuukuu, avikwaruze kwa msasa, kisha avibandike viwili viwili akiacha ncha bila gundi. Baada ya siku nzima, kila jozi itundikwe kwa ncha moja, na ncha ya pili ifungwe chupa ya lita moja iliyojaa maji: jozi moja kivulini, nyingine nje alfajiri, ya tatu juani saa saba mchana. Gundi ya aina nyingine ipimwe vivyo hivyo.

Jozi ikiachana, itazamwe. Gundi yote ikibaki upande mmoja, msasa haukupita vizuri au palikuwa na mafuta. Ikivutika nyuzinyuzi pande zote mbili, gundi yenyewe imeshindwa na joto. Katoni hiyo isinunuliwe.

Kopo likishafunguliwa lifungwe barabara. Solusheni iliyokuwa nzito kama ugali haifai tena kuuzwa.