WALEMBA NA ASILI YAO
Kabila lisemalo kwamba baba zake walitoka Israeli, na mambo yaliyoonekana katika damu

Kusini mwa Zimbabwe, na ng'ambo ya mto Limpopo katika Afrika ya Kusini, wakaa watu waitwao Walemba. Si kabila kubwa. Hukadiriwa kuwa makumi ya maelfu tu. Nao hawana nchi yao wenyewe, bali wametawanyika miongoni mwa Wakaranga, Wavenda na Wasotho wa Kaskazini, na kila mahali husema lugha ya jirani zao. Mgeni akipita njiani hawezi kumpambanua Mlemba na watu wengine wa huko. Lakini wao wenyewe hushikilia neno moja, ambalo wazee wamewapokeza watoto: kwamba baba zao wa kale walikuwa Waisraeli, waliovuka bahari na kuja Afrika kufanya biashara.

Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki akiyasikia majina ya koo za Walemba hushangaa. Baadhi yake ni Hamisi, Bakari, Sadiki, Hasane na Seremane. Mtu asiye Mlemba wao humwita msenzi, na kila msemaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja. Jina lao la pili ni Wamwenye, nalo pia si geni masikioni mwa watu wa pwani. Je, hawa ni Waisraeli, au Waarabu, au watu wa pwani, au ni Waafrika wa bara kama jirani zao? Swali hili limewashughulisha wamisionari, maprofesa na madaktari kwa zaidi ya miaka mia moja. Yafaa kueleza hatua kwa hatua yale yaliyoonekana, maana mwisho wake si kama watu wengi walivyosikia.

MILA ZAO

Walemba hutahiri watoto wao wa kiume, na zamani jirani zao Wavenda walijifunza kutahiri kutoka kwao. Nyama ya nguruwe ni haramu kabisa. Mnyama yeyote aliyekufa mwenyewe haliwi, wala mnyama aliyechinjwa na mtu asiyetahiriwa. Ni lazima Mlemba mwenyewe ashike kisu, akate koo na kuitoa damu yote. Kwa sababu hiyo Mlemba wa zamani alipokwenda safari alichukua kisu chake, asije akakaribishwa nyama asiyoweza kuila.

Katika ndoa pia walijitenga. Binti wa Kilemba hakuruhusiwa kuolewa na msenzi. Mwanamume wa Kilemba aliweza kuoa mke wa kabila jingine, lakini mke huyo alipitishwa kwanza katika taratibu za kutakaswa, akanyolewa nywele na kufundishwa mila za nyumba aliyoingia. Mwezi mwandamo uliangaliwa kwa heshima. Maiti walizikwa wamelazwa na kunyooshwa, hali jirani zao waliwazika wafu wao wakiwa wamekunjwa magoti. Kwa kazi walikuwa wafua chuma na shaba, wafinyanzi na wachuuzi, watu waliokwenda mbali na bidhaa zao na kurudi.

Mila hizi, kutahiri, kuchinja na kukataa nguruwe, ni za Wayahudi. Lakini ni za Waislamu vilevile. Na majina ya koo yaliyotajwa juu ni ya Kiarabu zaidi kuliko ya Kiebrania. Hapo ndipo wataalamu walipogawanyika.

MAPOKEO YA SENA

Wazee wa Kilemba husimulia kwamba baba zao walitoka mahali paitwapo Sena, ng'ambo ya bahari. Kwamba walivuka wakaja Afrika, wakajenga Sena nyingine, kisha wakaingia bara. Waliokuja walikuwa wanaume wafanya biashara, nao walioa wanawake wa nchi. Ukoo uliowaongoza ni ukoo wa Buba, ambao hata leo huheshimiwa kuwa wa kwanza. Husimuliwa pia kwamba walichukua ngoma takatifu iitwayo ngoma lungundu, iliyobebwa kwa miti na isiyoruhusiwa kugusa ardhi, kama lile Sanduku la Agano lisimuliwalo katika Biblia.

Sena ya Afrika yajulikana: upo mji wa jina hilo kando ya mto Zambezi katika Msumbiji, nao ulikuwa mji wa biashara tangu siku za kale. Lakini Sena ya ng'ambo ni ipi? Profesa mmoja Mwingereza, Tudor Parfitt, alikutana na Walemba mwaka 1985 alipokuwa akitoa mhadhara mjini Johannesburg. Akafuata njia yao kwa miezi mingi, akatoa kitabu juu ya safari hiyo mwaka 1992. Baadaye aliufikia mji mdogo uitwao Sena katika Hadhramaut, nchi ya Yemeni, karibu na bonde la Masila literemkalo baharini. Hadhramaut ndiyo nchi ya asili ya Washihiri wanaojulikana sana Mombasa, Lamu na Zanzibar, na pepo za kaskazi zimeleta majahazi yao pwani hii kwa karne nyingi.

Msomaji ajuaye habari za Kilwa ataona jambo hapa. Sultani wa Kilwa ndiye aliyetawala biashara ya dhahabu ya Sofala, na dhahabu hiyo ilitoka bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 1505 Wareno walijenga ngome Sofala na kuinyakua biashara hiyo. Wako wataalamu wanaosema kwamba Walemba ni wazao wa wafanya biashara wa pwani walioingia bara kufuata dhahabu, kisha njia ya kurudi ikazibwa, wakakaa huko na kuoa huko, hata lugha na sala zikasahauliwa, ila kisu, majina na miiko vikabaki.

WAZUNGU NA HABARI ZA ISRAELI

Kabla ya kuendelea, ni lazima kueleza jambo jingine. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, Wazungu wengi waliofika Afrika walikuwa na desturi ya kutafuta Waisraeli au Wafoinike kila mahali walipoona kitu kizuri. Carl Mauch, Mjerumani aliyefika kwenye magofu ya Great Zimbabwe mwaka 1871, alidhani kwamba yanahusu Malkia wa Sheba. Haikuwaelea wengi kwamba mababu wa Washona waliweza kujenga kuta zile za mawe. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale, David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walithibitisha kwamba kazi ile ni ya Waafrika. Hata hivyo walowezi wa Rhodesia waliendelea kupendelea hadithi ya wageni, maana iliwafaa katika kutawala.

Afrika ya Mashariki nayo haikusalimika. Mwaka 1904 afisa wa jeshi la Kijerumani, Moritz Merker, alichapisha kitabu kikubwa juu ya Wamasai, akidai kwamba wao na Waisraeli wa kale walikuwa taifa moja. Leo wajuzi wa lugha wajua kwamba Kimasai ni lugha ya Kiniloti, ndugu ya Kisamburu na Kiturkana, na kwamba wasemaji wake walishuka kutoka pande za bonde la mto Naili. Hadithi ya Merker imebaki vitabuni tu.

Kwa hiyo baadhi ya wataalamu wameuliza kama jina la Israeli halikuingia kwa Walemba kwa njia hiyo hiyo, kwa maneno ya wageni na kwa kuisoma Biblia. Swali hilo ni la haki. Lakini iko tofauti kubwa. Wamasai walipewa hadithi na mtu wa nje. Walemba walikuwa na mila zao zilizowatenga na jirani zao, na habari hizo zilikwisha kuandikwa zamani. Mwaka 1908 misionari wa Kiswisi, Henri Junod, alichapisha makala juu yao. Na mwaka 1947 Walemba wenyewe waliunda chama cha kuhifadhi utamaduni wao katika Afrika ya Kusini, wakati serikali ilipokuwa ikizidi kuwagawa watu kwa makabila bila kuwahesabu Walemba kuwa kabila peke yao.

DAMU YACHUNGUZWA

Ndipo ilipoingia sayansi. Katika mwili wa mwanamume kuna chembe ya urithi iitwayo kromosomu Y. Baba humpa mwanawe wa kiume, na huyo humpa mwanawe, karibu bila kubadilika, kama vile jina la ukoo lipitavyo kwa upande wa baba. Wakilinganisha chembe hizo, wataalamu waweza kujua kama wanaume wawili wana babu mmoja wa kale. Iko chembe nyingine ipitayo kwa mama peke yake, nayo huonyesha bibi wa kale.

Mwaka 1996 wataalamu wa Johannesburg walitangaza kwamba nusu ya kromosomu Y za Walemba au zaidi zilionekana kuwa na asili ya Mashariki ya Kati, na nyingi katika zilizobaki ni za Kiafrika. Kwa upande wa mama yote yalionekana kuwa ya Kiafrika. Basi hapo maneno ya wazee yalipata nguvu: waliokuja walikuwa wanaume, nao walioa wanawake wa nchi.

Mwaka 2000 wataalamu wa London pamoja na Parfitt walitoa habari iliyovuma duniani. Wakati huo ilikwisha kugunduliwa alama fulani katika kromosomu Y, iliyo nyingi sana kwa Wayahudi wa ukoo wa makuhani, wanaosemekana kuwa wazao wa Haruni. Alama hiyo ilionekana kwa Walemba pia. Na katika ukoo wa Buba, ule uliowaongoza, ilionekana kwa zaidi ya nusu ya wanaume waliopimwa. Magazeti yakaandika kwamba kabila la Israeli lililopotea limepatikana.

Lakini sayansi haikuishia hapo. Alama ile ilikuwa na vipimo vichache, na baadaye ilionekana pia kwa Waarabu na watu wengine wa Mashariki ya Kati. Mwaka 2013 Profesa Himla Soodyall wa Johannesburg alirudia uchunguzi kwa vipimo vingi zaidi. Aliona tena kwamba baba wengi wa Walemba walitoka Mashariki ya Kati. Lakini ile alama kamili ya makuhani wa Kiyahudi aliiona kwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo damu yasema kwamba baadhi ya baba zao walivuka bahari. Kwamba walikuwa Wayahudi, damu haikusema.

Habari ya ngoma yafanana na hiyo. Ngoma moja ya mti iliyodhaniwa kuwa ngoma lungundu ilikutwa na Parfitt mwaka 2007 katika jumba la makumbusho mjini Harare, ikaonyeshwa kwa watu mwaka 2010. Mti wake ulipopimwa, ulionekana kuwa wa karibu mwaka 1350. Ni chombo cha kale sana kwa vyombo vya mti vya Afrika, lakini si cha siku za Musa.

KIPIMO HUONYESHA SEHEMU TU

Inafaa pia kuelewa mpaka wa kipimo hiki. Kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na juu yao wanane. Ukihesabu hivyo mpaka kizazi cha kumi, utapata watu 1,024. Katika watu hao wote, kromosomu Y yaonyesha mmoja tu: baba wa baba wa baba, mpaka juu. Wengine 1,023 nao ni wazazi wa mtu huyo sawasawa, na kipimo hiki hakiwataji kabisa. Mlemba mwenye babu mmoja kutoka Yemeni ana mababu na mabibi wengi zaidi waliolima na kufua chuma katika nchi ya Zambezi na Limpopo, wala hao si wageni kwake.

Tena sheria ya Kiyahudi humhesabu mtu kuwa Myahudi kwa mama yake, ama kwa kuongoka. Walemba huhesabu ukoo kwa baba. Kwa hiyo hata kama alama ingepatikana kwa wote, isingewafungulia mlango. Dola ya Israeli, ambayo sheria yake ya mwaka 1950 huwaruhusu Wayahudi kurudi, haijawatambua Walemba kama kabila. Mfano wa Ethiopia ni tofauti. Beta Israeli wa huko kwa damu wafanana sana na Waethiopia wenzao. Lakini waliishika Torati na Sabato kwa karne nyingi, na mwaka 1973 rabi mkuu Ovadia Yosef aliamua kwamba ni Wayahudi. Mwaka 1991 zaidi ya 14,000 walichukuliwa kwa ndege kwa muda wa saa 36. Walioamua hapo walikuwa watu wa dini, wakitazama imani na desturi. Kipimo cha damu hakikuulizwa.

Walemba wengi leo ni Wakristo, na wengine ni Waislamu, na wako wanaojifunza dini ya Kiyahudi. Wengi wao hawaoni kwamba mambo hayo yanapingana na asili yao. Mila yao ilikaa mamia ya miaka bila kitabu wala hekalu, kwa sababu kila baba alimfundisha mwanawe jinsi ya kushika kisu, na kila mama alimfundisha binti yake nyama ipi iliwe na ipi ikataliwe. Wataalamu wamesaidia kuonyesha kwamba wazee hawakubuni safari ile ya baharini. Lakini kabla kipimo chochote hakijafika, Mlemba alijua tayari yeye ni nani, na jirani zake walijua vilevile, walipomwona akikataa kwa adabu sahani aliyokaribishwa.