Akiba haiozi, lakini akiba yenye maji inaoza



Wazee walituachia neno: akiba haiozi. Lakini msimu uliopita, katika depo moja ya upande wa Nyangwe, tuliona kwa macho yetu akiba iliyooza. Tunawaelezea habari hii kwa sababu kosa halikuwa la wanamemba peke yao. Sisi pia tulikuwa na sehemu yetu.

Tulifika asubuhi mapema, ukungu wa Lualaba ungali juu ya nyumba. Magazinie alifungua kadena, na kabla hajasema kitu harufu ikatupokea mlangoni. Ndani kulikuwa na saki za kalanga za mbegu zilizowekwa kungoja mvua ya mwezi wa tisa. Ukiingiza mkono katikati ya saki unasikia joto, kama vile mtu mwenye homa. Tulimwaga saki moja juu ya basha. Punje zilikuwa na ukungu wa kijani na manjano, nyingine zimejikunja na kuwa nyeusi.

“Tulizani ni harufu ya saki za zamani,” magazinie alituambia. “Nyinyi mulisema tufungue madirisha, hewa ipite. Tukafungua. Usiku na mchana.”

Ni kweli, tulisema hivyo. Tulifundisha kwamba depo inahitaji hewa, tukasahau kufundisha ni hewa gani na ya saa ngapi. Basi leo tunarudia somo lile, mara hii lote.

Hewa ina maji

Hewa tunayovuta ina maji ndani yake, hata kama hatuyaoni. Asubuhi yenye ukungu, au mvua inaponyesha, hewa imeshiba maji, na kipimo chake kinakaribia 100 kwa 100. Jua likipanda, kipimo kinashuka. Jioni kinapanda tena.

Mbegu nayo inakunywa na kutoa maji. Ukiweka mupunga mkavu katika hewa yenye maji mengi, mupunga unavuta maji polepole mpaka ulingane na hewa ile. Ndiyo maana mavuno yaliyokaushwa vizuri mwezi wa pili yanaweza kuharibika mwezi wa nne ndani ya depo, bila hata tone moja la mvua kupita kwenye paa. Madirisha ya depo ile yalikuwa yanaingiza ukungu wa mto kila usiku.

Shika namba moja tu: 65. Hewa iliyo kati ya saki ikibaki chini ya 65 kwa 100, ukungu hauoti. Ikipita 70 na kukaa huko, ukungu unaanza kazi. Ukungu ukianza unatoa joto na maji yake wenyewe, na saki moja inaambukiza jirani yake.

Kila zao lina kiasi chake cha maji. Mupunga na mahindi ya kuweka yasizidi 13 kwa 100. Kalanga yenye maganda isizidi 9, na iliyobanguliwa isizidi 7. Mtu atauliza, sababu gani kalanga inadai ukavu zaidi? Ni kwa sababu ya mafuta. Mafuta hayapokei maji, kwa hiyo maji yote ya punje yanakusanyika katika sehemu ndogo iliyobaki, na ukungu unayapata kwa urahisi.

Chumvi inajua kupima

Wengi wetu hatuna mashini ya kupima maji ya mbegu. Tuna chumvi. Kwa mupunga na mahindi, fanya hivi:

Kausha chumvi ya jikoni juani au kwenye sufuria, kisha iache ipoe. Tafuta chupa ya kioo, safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Jaza mbegu mpaka sehemu moja ya tatu ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja. Acha chupa dakika 15, kisha angalia. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mbegu bado ina maji kupita 15 kwa 100: irudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, bila kushika, mbegu iko chini ya 15. Lakini 15 bado si 13. Kwa hiyo, hata chupa ikikubali, ongeza siku nyingine ya jua kali kabla ya kufunga saki.

Kwa nini chumvi? Kwa sababu chumvi inaanza kunywa maji pale hewa inapofika 75 kwa 100, wala si kabla. Kila mama mwenye kikopo cha chumvi anajua: wakati wa kiangazi inamwagika kama mchanga, wakati wa mvua inakuwa bonge.

Kwa kalanga usitegemee chupa. Tikisa ganda karibu na sikio: punje ikilia ndani, ni dalili nzuri. Kisha sugua punje kati ya vidole: ngozi yake nyekundu itoke kirahisi. Vunja punje: ikatike kwa mlio, isipindike.

Kipimo cha ukutani

Koperative kadhaa sasa zina higrometa, kile kisaa kinachoonyesha maji ya hewa. Kinasaidia sana, lakini vile vya bei ya chini vinaweza kudanganya. Kabla ya kukiamini, kijaribu kwa chumvi ileile. Weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, tia matone ya maji mpaka iwe kama ugali mzito, isiyeyuke yote. Funga kifuniko hicho pamoja na higrometa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, visigusane, na uache mpaka kesho yake. Higrometa inapaswa kusoma 75. Ikisoma 70, andika kwenye ukuta: “Ongeza 5.” Ikisoma 80: “Toa 5.”

Njia hii inatumika mbali sana na Maniema. Matajiri wa Ulaya na Amerika wanaoweka sigara kubwa za majani katika kabati za mbao wanapima higrometa zao kwa chumvi hivihivi. Wao wanataka hewa ya kabati ibaki karibu na 65 mpaka 70, ili tumbaku isikauke na kupasuka. Wauzaji wa tumbaku sokoni kwetu wanaelewa jambo hilo: jani kavu mno linakuwa unga, jani lenye maji linaota ukungu. Tofauti ni kwamba mwenye kabati anafunga ili maji yasitoke, na sisi tunafunga ili maji yasiingie.

Saa za kufungua depo

Fungua siku ya jua tu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, wakati kipimo cha nje, kilichosomwa kivulini, kiko chini kuliko cha ndani. Funga kabla ya jioni. Usiku, wakati wa mvua na wakati wa ukungu, madirisha yafungwe. Kama huna kipimo, tazama nyasi: zikiwa bado na umande, usifungue.

Saki zikae juu ya palete au miti, zisiguse sakafu. Kati ya saki na ukuta acha nafasi mtu apite. Katika depo tuliyotembelea, saki za chini na zile zilizoegemea ukuta ndizo zilizoharibika zaidi. Za juu, katikati ya nyumba, nyingi zilipona.

Mwenye saki za PICS, zile zenye plastiki mbili ndani, zimfae: hewa ya nje haiingii, na wadudu wanakufa kwa kukosa pumzi. Lakini usifunge ndani yake mbegu yenye maji. Kilicho kibichi kitaozea humo.

Na kumbukeni: depo haikaushi. Kazi ya kukausha inafanyika juani, juu ya basha, siyo juu ya udongo. Depo inalinda tu kile ulicholeta.

“Watoto watakula nini?”

Sehemu hii ilikuwa ngumu. Tuliposema kwamba kalanga iliyoota ukungu itupwe, mama mmoja wa komite alisimama.

“Munatuambia tutupe,” alisema. “Jasho letu liko ndani ya saki hizi. Na watoto watakula nini? Si tukaange tu, moto uue ukungu?”

Swali lake ni la haki, na jibu letu lazima liwe wazi. Moto unaua ukungu, lakini hauondoi sumu ambayo ukungu umeacha. Sumu hiyo inaitwa aflatoksini. Haina harufu wala ladha. Kidogo kidogo, miaka mingi, inaharibu ini na kuleta kansa ya ini. Nyingi kwa mara moja, inaua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyowekwa yakiwa na maji yaliwapa sumu watu 317, na 125 kati yao walikufa. Walikuwa wakulima kama sisi, wakila mavuno yao wenyewe.

Kwa hiyo tulikaa chini pamoja, tukachambua punje kwa punje. Zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizojikunja na zilizovunjika zilitengwa, kwa sababu ndizo zinazobeba sumu nyingi. Hazikuuzwa, hazikupewa kuku, hazikusagwa kwa uji. Zilifukiwa shimoni. Saki zilizokuwa na joto na ukungu mpaka katikati zilifukiwa zote. Hakuna aliyeimba siku ile.

Zilizobaki tulizijaribu kuota. Nawe fanya hivyo kabla ya kila msimu: hesabu punje 100, zipange ndani ya kitambaa chenye unyevu, kiloweshe kidogo kila siku, na baada ya siku saba hesabu zilizoota. 80 au zaidi, panda bila wasiwasi. Kati ya 60 na 80, ongeza mbegu katika kila shimo. Chini ya 50, tafuta mbegu nyingine mapema, kabla bei ya sokoni haijapanda. Saki za juu zilitupa matumaini, na wanamemba waliokosa waligawiwa kutoka kwa wenzao, kwa ahadi ya kurudisha baada ya mavuno.

Sasa kwenye mlango wa depo ile kuna daftari lililofungwa kwa kamba. Magazinie anaandika kipimo asubuhi, mchana na jioni, na kila wiki anaingiza mkono ndani ya saki kadhaa kusikia joto. Yule mama wa komite ndiye anayekagua daftari. Alituambia tukiaga: “Safari ijayo mukija na somo, muje nalo lote.”

Tumesikia, mama.