Je, Wajua? Mlima Rungwe, Alfajiri Hadi Machweo

Je, wajua kwamba Mlima Rungwe haufiki hata mita 3,000, na bado unamaliza mchana mzima wa mtu mwenye miguu mizuri? Kilele chake kiko kwenye mita 2,960 hivi, nusu ya Kilimanjaro. Lakini Kilimanjaro hupandwa kwa siku tano, sita au saba, kambi hadi kambi, wapagazi wakiwa wametangulia na mahema. Rungwe hupandwa alfajiri na kushukwa jioni, maji na chakula vikiwa mgongoni mwako mwenyewe. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa 10 hivi.

Kwa anayekwenda peke yake, adui wa kwanza ni jua. Tukuyu, mji ulio chini ya mlima huu, iko nyuzi 9 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, mvua kubwa zinapokuwa zimepita na njia imeanza kukauka, ndipo mchana unapokuwa mfupi kuliko wakati wote: kama saa 11 na nusu kati ya macheo na machweo. Toa zile saa 10 za kutembea. Kinachobaki ndicho cha kula, kupumzika, kupotea njia na kuirudia. Ukianza kupanda saa mbili asubuhi, sehemu kubwa ya akiba hiyo umekwisha kuitumia kabla hujaanza. Saa kumi na mbili asubuhi uwe njiani, na nyumbani uwe umeacha neno: napita njia hii, natarajia kurudi saa fulani. Huu ni msitu wa hifadhi, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kibali huchukuliwa kwanza. Hilo lenyewe ni ulinzi, kwa maana yupo mtu mwingine anayejua kwamba uko juu.

Njia moja inaanzia karibu na shule ya sekondari ya Rungwe, upande wa misheni ambayo Wamoravian kutoka Ujerumani waliianzisha mwaka 1891. Mwanzo ni mpole: migomba, mashamba, watu wakikusalimu “Ugonile” huku wakitazama viatu vyako. Kisha msitu unafunga.

Je, wajua kwa nini tope la Rungwe huchelewa kukauka? Upepo unaotoka kusini-mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa na kubeba unyevu wake. Ukifika kwenye mlima hauna pa kupita ila juu. Ukipanda unapoa, na ukipoa unamwaga. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma haifiki 600. Ndiyo maana chai, ndizi na parachichi vimetulia hapa, na ndiyo maana zamani habari za mvua zilipelekwa kwa Lwembe, mkuu wa kimila aliyekaa Lubaga, ambaye Wanyakyusa, wenyeji wa hapa, waliamini kuwa afya yake na rutuba ya nchi ni kitu kimoja.

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima bado wanaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwenye vilima vya Uskoti, vilivyo wazi na vyenye nyasi, kanuni inafaa. Rungwe inaivunja. Udongo wa majivu ya volkano ukilowa unateleza kama sabuni, mizizi inakatiza njia, na juu zaidi kuna mianzi iliyolaliana mpaka mtu anatambaa chini yake. Kwenye miteremko mikali miguu haitoshi, unaparamia kwa mikono pia. Baridi nayo inaongezeka, kwa sababu kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 au 7.

Na hapo unapotafuta kitu cha kushika, angalia kwanza. Mlima huu umempa jina nyoka mmoja wa sumu, Atheris rungweensis, aliyeelezwa kisayansi na Charles Bogert mwaka 1940. Hukaa kwenye vichaka na matawi ya chini, kimo kilekile ambacho mkono wa mpandaji hukimbilia. Hana tabia ya kumfuata mtu, lakini ukimshika atajitetea.

Sasa nifike kwenye habari ninayoipenda kuliko zote za mlima huu.

Je, wajua kwamba mwaka 2003, dunia ilipodhani imekwisha kuwahesabu nyani, kima na mbega wote wakubwa wa Afrika, alikuwapo mmoja Rungwe ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote? Watafiti wakiongozwa na Tim Davenport walikuwa wakizungumza na wawindaji wa vijiji vya kandokando ya mlima. Waliambiwa habari za mnyama mwenye haya, akaaye juu mitini, aitwaye kipunji. Kwa kuwa masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa msituni na viumbe wa mizimu pia, wageni hawakuwa na hakika wamesikia habari za yupi. Ilichukua miezi mingi ya kutembea kwenye ukungu mpaka Desemba mwaka huohuo, walipomwona vizuri: manyoya marefu ya kahawia-kijivu, shungi la nywele lililosimama kichwani, ncha ya mkia iliyofifia kuelekea weupe, na sauti isiyofanana na ya mwingine yeyote, nusu honi nusu mbweko. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti likamkuta Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mwaka 2005 akatangazwa kwa wanasayansi wa dunia.

Bado hawakujua wamweke katika ukoo gani. Jibu lilitoka shambani. Kipunji mmoja dume, kijana, alikutwa amekufa kwenye mtego ambao mkulima aliutega kulinda mahindi yake. Vinasaba vya mwili ule vilionyesha kwamba kipunji yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida kuliko jamii ya kima aliyodhaniwa kuwa mmoja wao. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, ya kwanza mpya kwa nyani, kima na mbega wa Afrika baada ya miaka 83. Jina la mlima likaingia tena katika sayansi, safari hii pamoja na neno la Kinyakyusa.

Huwa nasoma kwamba kipunji “aligunduliwa” mwaka 2003, na neno hilo linanikwaza. Alikuwa na jina. Waliomwita kwa jina hilo walijua analala wapi na anakula nini. Kilichotokea mwaka 2003 ni kwamba mtu aliuliza, akasubiri jibu.

Hesabu iliyotolewa miaka michache baadaye ilipata vipunji 1,100 na ushee tu duniani. Mwaka 2009 Rungwe ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Ukipanda peke yako bila kuzungumza, una nafasi nzuri zaidi ya kumsikia kipunji kuliko kundi la watu kumi, ingawa kumwona ni bahati. Minde, paa mkubwa mweusi asiyepatikana nje ya Tanzania, naye yumo humuhumu, na yeye ni mgumu zaidi kuonekana.

Msitu ukiisha unatokea kwenye nyasi na vichaka vifupi, upepo unakupiga, na unaona kwamba kilele si ncha. Ni ukingo wa bakuli lililovunjika upande mmoja. Zamani ubavu mzima wa mlima uliporomoka kuelekea magharibi, ukaacha pengo la upana wa kama kilomita 4, na ndani yake volkano ikaendelea kujenga vilima na mashimo mapya. Miaka 4,000 hivi iliyopita ililipuka kwa nguvu kubwa, ikatapakaza mawe mepesi yenye matundu, yale yanayoelea majini. Unayakanyaga njiani bila kujua. Siku ya mbingu safi Ziwa Nyasa linaonekana kusini, na karibu zaidi kuna Kyejo, volkano ndogo yenye mita 2,175 hivi.

Kyejo ndiyo ya mwisho kutoa lava katika nchi hii ya Rungwe, kama mwaka 1800. Nani aliandika tarehe hiyo? Hakuna aliyeiandika. Wataalamu wa miamba waliofika karne ya 20 waliipata kwa wazee, waliosimulia moto ule kama walivyousikia kwa babu zao. Mto wa lava wa Sarabwe, wenye urefu wa kilomita kadhaa, umelala hapo kuthibitisha simulizi.

Kuna wanaoufanya upweke huu wa siku moja kwenye milima mikubwa zaidi. Mtanzania Simon Mtuy, Februari 2006, alipanda Kilimanjaro hadi kileleni na kushuka kwa saa 9 na dakika 21, akijibebea chakula na maji yake yote. Ni muda mfupi kuliko ule ambao mtu wa kawaida hutumia Rungwe. Ninapowaza tope la mlima huu, namheshimu yeye na yule mtu wa kawaida pia.

Kushuka huumiza magoti kuliko kupanda, na ajali nyingi za milimani hutokea wakati huo, mwili umechoka na macho yamekwisha kuona kilele. Shuka polepole, tumia fimbo. Ukifika Tukuyu, jioni, utataka kitu baridi. Je, wajua kwamba ardhi ya Kyejo hadi leo inatoa gesi ya kabonidayoksaidi, na kwamba huvunwa hapohapo wilayani na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji? Povu la soda utakayoifungua huenda limetoka chini ya mlima uliokuwa ukiutazama kutoka kileleni saa sita mchana.