Konokono Tusiowaalika

Ndugu msomaji, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa Kidato cha Pili tulipata wageni ambao nusura watuuguze!

Muhula wa kwanza, mwalimu wetu wa Baiolojia alitukabidhi tangi la kioo tufuge ngege wadogo. Mimi na mwenzangu tukashika njia hadi bwawani, tukaingia majini mpaka magotini, tukang'oa mimea na kuja kuipanda tangini bila hata kuiosha. Tangi likapendeza, si mchezo! Baada ya wiki tatu, lo! Konokono kwenye kioo, konokono kwenye majani. Walitoka wapi, na hatukuleta hata mmoja?

Kumbe waliletwa na mimea. Konokono wa maji hutaga mayai ndani ya utelezi unaong'aa, uliogandamana na majani, hata usiuone kwa urahisi. Wengi wao wana viungo vya uzazi vya kike na vya kiume katika mwili mmoja, hivyo hata mmoja pekee aweza kuanzisha ukoo. Nasi tuliwanenepesha kwa kuwamwagia samaki chakula kupita kiasi. Masazo yakawa karamu yao.

Wenzetu wakasema ati tutie dawa ya shaba. Mwalimu akakataa. Shaba huweza kudhuru samaki, na konokono wengi wakifa kwa pamoja huoza na kuchafua maji. Kisha akatuuliza swali lililotutoa jasho: "Mmekuwa mkiwashika kwa mikono mitupu?"

Akatueleza kwamba konokono aina ya Biomphalaria hubeba vijidudu vya kichocho cha matumbo, na Bulinus hubeba vya kichocho cha mkojo. Vijidudu hivyo humtoka konokono, huogelea kwa siku moja au mbili, na hupenya ngozi ya mtu. Ugonjwa huu wajulikana sana Mwea, Kwale na kandokando ya Ziwa Victoria. Konokono huwa hazaliwi navyo. Huvipata katika maji yaliyochafuliwa na choo au mkojo wa mgonjwa. Kwa hiyo wa kuogopwa ni yule aliyetoka bwawani. Lakini utamjuaje kati ya mamia?

Basi tulifanya hivi. Kwanza, tulivaa glavu ndefu za mpira. Pili, kila jioni tuliweka tangini jani la sukuma wiki lililochemshwa kidogo, na asubuhi tukalitoa limejaa konokono. Hao tuliwatia katika maji yanayochemka, kisha tukawafukia. Kuwarudisha bwawani, hapana. Tatu, tulipunguza chakula, samaki wakimalize kwa dakika mbili hivi. Nne, mimea mipya sasa hukaa kwanza kwenye ndoo kwa wiki nne, nasi huikagua na kuondoa mayai.

Hawakwisha kabisa, lakini wachache si balaa. Husaidia kula ukijani wa kwenye kioo.

Baadaye mimi na mwenzangu tulipimwa choo na mkojo. Mimi nilikuwa salama. Mwenzangu alipatikana na kichocho, akapewa vidonge vya prazikwanteli, na sasa yu mzima. Labda aliupata siku ile bwawani, labda kabla yake.

Ndugu msomaji, ukitaka mimea ya tangi, muombe mwenye tangi akukatie. Usiifuate bwawani miguu mitupu kama sisi. Kinga ni bora kuliko tiba.