Msalaba Shingoni, Kazini

Kuna swali linalorudi kila mara kwenye mikutano yetu, hasa kwa wale wenye mabinti waliopata kazi banki, hospitali au kwenye ofisi za mashirika. Mtoto akiambiwa na mkubwa wa kazi avue msalaba wake, avue au akatae? Wengine wanajibu haraka kwamba kuvua ni kumkana Bwana. Wengine wanasema ni cheni tu, na franka za shule ya watoto hazitoki shingoni. Sisi tunaona majibu yote mawili yana haraka.

Tuangalie kwanza wamama wawili wa Uingereza. Kesi zao ziliamuliwa siku moja, tarehe 15 Januari 2013, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg. Mmoja alishinda, mwingine akashindwa.

Nadia Eweida ni Mkristo wa Kanisa la Kikopti aliyekulia Misri. Alikuwa akipokea abiria wa ndege za British Airways. Mwaka 2006 aliamua kuvaa msalaba mdogo juu ya nguo ya kazi, uonekane. Kampuni ikakataa, na mwezi wa Septemba ikamrudisha nyumbani bila mshahara. Ilimpa nafasi ya kazi ya ofisini, mbali na macho ya abiria, naye akaikataa. Wakati huohuo wafanyakazi wa dini nyingine waliruhusiwa kuvaa kilemba au hijabu. Februari 2007 kampuni ilibadilisha kanuni yake na mama huyu akarudi kazini, lakini miezi ile bila mshahara ilikuwa imepita.

Mahakama za kwao zilimkatalia, na moja ya hoja ilikuwa kwamba dini yake haimlazimishi kuvaa msalaba. Hapo Strasbourg ilisema neno ambalo wamama wanapaswa kulishika: mtu hahitaji kuthibitisha kwamba dini imemwamuru. Inatosha kwamba tendo lake linatoka kweli katika imani yake. Msalaba wake ulikuwa mdogo, haukumdhuru mtu, na kampuni yenyewe ilikuja kuuruhusu. Basi akalipwa fidia ya euro 2,000, mbali na gharama za kesi. Kwa maoni yetu kampuni ile ilijitafutia aibu bure.

Habari ya Shirley Chaplin ni nzito zaidi, na ndiyo iliyotugawanya tulipoizungumza. Alikuwa muuguzi wa wazee katika hospitali ya Leta mjini Exeter. Msalaba wake, wenye sanamu ya Yesu, aliuvaa tangu kipaimara chake mwaka 1971, na miaka mingi ya uuguzi hakuna aliyemsumbua. Mwaka 2007 hospitali ilileta nguo mpya zenye shingo wazi, na cheni ikaonekana. Wakubwa waliogopa mambo mawili: mgonjwa mzee aliyechanganyikiwa angeweza kuikamata na kuivuta, au mama akiinama msalaba ungegusa kidonda. Walimwambia anaweza kuubandika kwenye nguo kwa pini, au kuuficha chini ya blauzi yenye shingo ndefu. Alikataa, kwa sababu kwake hiyo haikuwa kushuhudia. Akahamishwa kazi isiyo ya uuguzi, na mwaka 2010 nafasi hiyo nayo ikaondolewa.

Majaji walikubali kwamba imani yake iliguswa. Hata hivyo walisema wakubwa wa hospitali ndio wanaojua hatari za wodi kuliko jaji aliye mbali. Tena kanuni haikumlenga Mkristo peke yake: wauguzi wa dini ya Sikh nao walikatazwa bangili zao.

Baadhi yetu walisema angekubali ile pini. Wengine waliuliza, uaminifu wa miaka zaidi ya 30 utapimwaje kwa pini? Hatukukubaliana. Lakini wote tulikumbuka Beni na Butembo wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliopoteza zaidi ya watu 2,200. Kabla ya kuvaa nguo za kinga, muganga alivua kila kitu: saa, pete ya ndoa, hereni, rozari. Hakuna aliyesema wamemkana Mungu. Walivua ili wamkaribie mgonjwa na kurudi wazima kwa watoto wao.

Kwa hiyo binti yako akiambiwa avue, aulize kwanza: ni kwa sababu ya nini? Kama ni mashine inayozunguka, kidonda au mtoto mchanga, hiyo ni sababu. Kama bangili na saa za wengine zinabaki na msalaba tu ndio unaoondoka, hapo kuna jambo lingine.

Walio na mabinti Ubelgiji wajue kwamba huko mambo ni magumu zaidi. Tarehe 14 Machi 2017 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya mwanamke Mwislamu aliyekuwa mpokea wageni, ilisema kampuni inaweza kukataza alama zote za dini na siasa zinazoonekana, mradi iwakataze wote sawa. Kanuni hiyo inagusa msalaba pia.

Hapa kwetu Katiba ya 2006 inasema Leta haina dini, na kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kuonyesha imani yake hadharani, bila kuvunja sheria wala haki za wengine. Haki hiyo ni pia ya mama Mwislamu anayefanya kazi katika hospitali ya kanisa na kitambaa chake kichwani. Tusimsahau tunapodai ya kwetu. Na sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema dini si sababu halali ya kumfukuza mfanyakazi. Binti akifukuzwa, asiondoke na maneno ya mdomo. Aombe barua yenye sababu iliyoandikwa, aitunze pamoja na mkataba wake, na aipeleke kwa mkaguzi wa kazi mapema.