Kabla Hujafunga Mzigo wa Kahawa, Muulize Mteja Anainywaje

Leo naongea na wale mnaouza kahawa kwenye WhatsApp na Instagram. Hata kama wewe unauza viungo, asali au unga wa lishe, kaa hapahapa usiondoke, maana na wewe unauza kitu kinachoingia mdomoni mwa mtu, na kila mdomo una mambo yake.

Mimi niko Dar es Salaam. Nachukua kahawa mbichi ya Kilimanjaro na ya Kagera, nakaanga kidogokidogo, nasaga mteja akishatoa oda, boda anapeleka. Kwenye kazi hii nimeona jambo moja: watu wanaweza kukubaliana kuhusu mchele na sukari, lakini kwenye kahawa kila mtu ana dini yake.

Hebu angalia. Mzee wa Kariakoo anataka kahawa chungu, nyeusi tii, kwenye kikombe kidogo, na kashata pembeni. Ukimwekea sukari humo ndani umemharibia jioni yake. Mteja wa Tanga au Zanzibar anaweza kutaka hiyohiyo, ila iwe na tangawizi au iliki. Kijana wa ofisini Posta anataka nusu kikombe iwe maziwa, na sukari vijiko vitatu. Mtu wa Bukoba atakuambia kwao kahawa hata kutafunwa inatafunwa: zile punje zinazochemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa, mgeni akifika anakaribishwa nazo. Sasa hao wote wakiingia inbox wanaandika maneno yaleyale: "Kahawa bei gani?"

Na sisi tunajibu bei. Hapo ndo pesa inapopotelea.

Kuna dada mmoja tunafanya naye biashara hii, yuko Mbezi. Alipata oda ya pakti 12 kwa mkupuo mmoja, wafanyakazi wa ofisi moja wameagiza pamoja. Kwa mtaji wake, pakti 12 ni mzigo wa wiki nzima. Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri, niliionja mwenyewe: arabika ya Moshi, imekaangwa juzi yake tu. Kesho yake asubuhi simu zikaanza. "Dada, kahawa yako ina mchanga." "Mbona haiyeyuki hii?" Mmoja akapiga picha ya machicha chini ya kikombe, akaiweka status.

Tulipowauliza taratibu, ikaonekana wale watu miaka yote wanakunywa kahawa ya kuyeyuka, kama ile Africafé inayotengenezwa Bukoba. Kwao kahawa ni kijiko kimoja, maji ya moto, koroga, kunywa. Wakafanya hivyohivyo kwa kahawa ya kusaga. Na kahawa ya kusaga haiyeyuki hata ukoroge mpaka usiku. Inachemshwa au inachujwa. Wale wateja hawakuwa na makosa, maana hakuna aliyewaambia.

Yule dada alikwenda sokoni akanunua vichujio vidogo vya chai 12, akawapelekea pamoja na karatasi ya maelekezo. Tisa walibaki na kahawa yao, watatu akawarudishia pesa. Wiki ile faida hakuiona. Lakini ofisi ile mpaka leo wanaagiza kwake, na yule wa status ndo anayekusanya oda za wenzake.

Tangu hapo mimi na yeye tunatumia maswali matatu kabla ya kutaja bei. Nakupa na wewe.

Swali la kwanza: "Sasa hivi unakunywa kahawa gani?"
Akitaja ya kuyeyuka, mwambie mapema kwamba yako ni ya kusaga na itahitaji chujio. Akisema anapenda ile kali ya barazani, anataka iliyokaangwa sana. Hapa pia ndo unajua umpe arabika au robusta. Arabika, inayolimwa Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, ina harufu zaidi na uchachu kidogo. Robusta, inayolimwa sana Kagera, ni nzito na chungu zaidi, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Kwa hiyo mteja anayelalamika kwamba kahawa ya jioni inamnyima usingizi, usimpelekee robusta eti kwa sababu ndo iliyobaki stoo.

Swali la pili: "Unaiandaa kwa kutumia nini?"
Jibu hili linakuambia usage vipi. Anayechemsha kwenye sufuria au dele, msagie laini. Anayetumia chujio la karatasi au kitambaa, msagie ya wastani, kama mchanga. Mwenye lile jagi la kioo la kubonyeza, msagie chengachenga. Ukimpa laini mtu wa jagi, unga utapita kwenye wavu na kikombe kitajaa tope. Ukimpa chenga mtu wa chujio, maji yatapita mbio na atakunywa maji yenye rangi. Kahawa ni ileile, lakini yeye atasema umemuuzia mbovu.

Swali la tatu: "Unaweka nini ndani yake?"
Anayeweka maziwa mengi, mpe iliyokaangwa zaidi, au mchanganyie na robusta kidogo ili kahawa isikike. Anayekunywa nyeusi bila sukari ataonja kila kitu, hata kuungua kidogo, kwa hiyo mpe iliyokaangwa kwa wastani. Mpenzi wa tangawizi na iliki, usimchanganyie kwenye pakti. Weka viungo kwenye kifuko chake pembeni, apime mwenyewe. Mama anayeipenda na baba asiyeitaka watakunywa kutoka pakti moja, na wewe umeuza vitu viwili.

Sasa kuna jambo linalonikera. Naona kurasa za wauza kahawa wenzetu wameandika "ukiweka sukari hujui kahawa." Jamani! Mteja kaja kununua, wewe unamfungulia darasa. Pesa ni yake na ulimi ni wake. Waswahili walishasema, kipenda roho hula nyama mbichi. Akisema vijiko vitano vya sukari, mjibu "sawa, nakusagia ya kuchemsha?" Akija siku nyingine anakuomba umwonjeshe isiyo na sukari, hapo mpe ushauri kwa moyo wote, maana kauliza mwenyewe.

Najua unachowaza: "Kwa mtaji wangu, nitaweka aina ngapi mimi?" Mbili zinatosha. Arabika moja, robusta moja. Ziweke zikiwa punje, kwa sababu kahawa ikishasagwa harufu inakimbia haraka. Tofauti zote za wateja zinatokea siku ya oda: umekaanga vipi, umesaga vipi, umeweka kifuko gani. Kwa mteja mpya, anza na pakti ndogo ya gramu 50 ajaribu kabla hajachukua kubwa. Isipompendeza, hasara yake ni ndogo na yako pia.

Na ukipanga bei, kumbuka kahawa ikikaangwa inapungua uzito. Kilo moja mbichi inaweza kupungua gramu 120 hadi 200 hivi, na kadiri unavyokaanga zaidi ndivyo inavyopungua zaidi. Yaani yule mpenzi wa nyeusi kali anakula gramu zako nyingi kuliko yule wa wastani. Ukipiga hesabu kwa kilo uliyonunua badala ya uzito uliobaki baada ya kukaanga, utauza sana na mtaji utakwisha huku unacheka.

La mwisho ni kumbukumbu. Mteja akishajibu maswali matatu, usimuulize tena mwezi ujao kana kwamba humjui. WhatsApp Business ina lebo, zitumie. Huna? Daftari la shule linatosha. Andika kwa kifupi: "laini, iliki pembeni, pakti 2." Siku akirudi, mwandikie wewe kwanza: "Ileile ya laini na iliki?" Atajisikia nyumbani, na kwenda kuulizia bei kwingine atasahau.

Kazi ya leo ni hii: fungua chati za wateja wako watano wa mwisho, watumie yale maswali matatu, na majibu uyaandike kabla hujalala. Kama unauza asali au viungo, badilisha tu: unatumia kwenye nini, unapima vipi, nyumbani mnakula wangapi.

Na wewe mwenyewe unainywaje? Chungu, ya maziwa, au ya tangawizi? Andika hapo chini. Wauza kahawa wenzangu, someni hayo majibu vizuri, wateja wenu wamo humohumo.