Soda ya Aiskrimu Nyumbani: Utamu Usiomletea Mtoto Ugonjwa

  Kama una kalamu na karatasi karibu, ichukue, maana leo kuna vipimo vya kuandika.

Mada yetu ya leo ni tamu. Tunazungumza juu ya soda ya aiskrimu, ambayo wengine huiita floti. Ni glasi ya soda baridi ambayo juu yake huelea aiskrimu, ikitoa povu jingi. Kinywaji hiki kilianza Marekani katika karne ya 19, na siku hizi watoto wetu wamekiona mjini, kwenye hoteli na kwenye televisheni. Shule zikifungwa, Krismasi ikifika, au mtoto akitimiza mwaka mwingine, utasikia: "Mama, na sisi tutengenezee!"

Hakuna ubaya kumfurahisha mtoto siku moja moja. Lakini ndani ya glasi hiyo mna mambo matatu ambayo mlezi lazima ayaangalie: maziwa, barafu na sukari. Ukiyaangalia vizuri, watoto watafurahi na kulala salama. Ukiyapuuza, furaha ya saa moja inaweza kuishia kwenye foleni ya zahanati.

Kwanza: ni nani asipewe?

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi chochote isipokuwa maziwa ya mama. Hapewi maji, wala soda, wala aiskrimu ya kuonja tu. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 aendelee kunyonya na kula vyakula vya nyongeza kama uji wa lishe, mayai, maharagwe yaliyopondwa, mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, lasema watoto wa umri huo wasipewe vinywaji vilivyotiwa sukari. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Tumbo la mtoto huyu ni dogo. Likijaa soda, hakuna nafasi ya chakula cha kumjenga.

Jambo hili husahaulika zaidi wakati wa sherehe. Hapa Bungoma, ikifika Agosti ya miaka ya tohara, kreti za soda hushushwa nyumba hadi nyumba, na kila shangazi humwonjesha mtoto aliyebebwa. Mama, una haki ya kusema kwa heshima, "Asante shangazi, huyu bado ni mdogo."

Mtoto anayeharisha pia asipewe. Hilo tutalirudia mwishoni, kwa sababu linaokoa maisha. Mtoto mwenye ugonjwa wa sukari, au ambaye maziwa humdhuru, mlezi wake amwulize kwanza mhudumu wa afya.

Maziwa: chemsha hata kama ng'ombe ni wako

Sisi watu wa Trans Nzoia na Bungoma tumebarikiwa maziwa. Wengine hukama nyumbani, wengine hununua kwa jirani. Lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba viini vya brusela, ugonjwa unaoleta homa isiyoisha, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Yanaweza pia kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na viini vya kuhara. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima huku maziwa yake yana viini.

Wengi hudhani kwamba kugandisha huua viini. Si kweli. Baridi huvilaza tu. Aiskrimu ikiyeyuka mdomoni au tumboni, vinaamka. Kinachoviua ni moto. Kwa hiyo chemsha maziwa kwanza, hata kama hayo maziwa hayatanywewa yakiwa moto. Mayai mabichi nayo usiyatie katika aiskrimu ya nyumbani.

Barafu: ni maji yale yale

Barafu ni maji yaliyoganda. Kama maji yalichotwa mtoni au kwenye kisima kisichofunikwa bila kuchemshwa, barafu yake inaweza kubeba homa ya matumbo au kipindupindu. Rangi nyekundu au ya njano katika barafu zinazouzwa langoni mwa shule haikuambii maji yalitoka wapi.

Barafu ya kuliwa itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, yako tayari. Ninyi mnaoishi juu kabisa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, yaacheni yatokote dakika 3, kwa kuwa mahali palipoinuka sana maji hutokota kabla ya kupata joto lile la huko chini. Kisha yafunikeni yapoe.

Vitu vinavyohitajika kwa watu 4

Maziwa nusu lita.
Ndizi 2 zilizoiva sana, zile zenye madoadoa.
Sukari vijiko 4 vya chai, vilivyosawazishwa.
Soda baridi chupa 1 ya mililita 300.

Kama huna friji usikate tamaa. Tafuta pia barafu kilo 2, chumvi pakiti ya nusu kilo, ndoo, mwiko na kopo la chuma safi lenye mfuniko. Sufuria ndogo yenye mfuniko pia inafaa.

Jinsi ya kutengeneza

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha vyombo vyote.

2. Chemsha maziwa. Yakipanda, punguza moto uyaache yatokote kidogo huku ukikoroga. Tia sukari iyeyuke. Usiondoe ule utando mzito wa juu, maana mafuta yake ndiyo yanayoifanya aiskrimu iwe laini.

3. Funika sufuria, uiweke ndani ya beseni la maji baridi hadi maziwa yapoe kabisa.

4. Menya ndizi, uziponde kwa uma hadi ziwe kama uji. Changanya na maziwa, kisha mimina ndani ya kopo. Lisijae hadi juu. Funga mfuniko.

5. Funga barafu ndani ya gunia safi, uipondeponde. Weka tabaka la barafu ndani ya ndoo, nyunyiza chumvi, simamisha kopo katikati, kisha zungushia barafu na chumvi kwa tabaka hadi karibu na shingo ya kopo.

6. Zungusha kopo huku na huku. Kila baada ya dakika 5, pangusa mfuniko kwa kitambaa safi, fungua, na kwangua kwa mwiko ile iliyoganda pembeni uichanganye na ya katikati. Kwa muda wa nusu saa hivi utaona imekuwa nzito kama ugali laini.

Wenye friza waache ndoo na chumvi. Mimina mchanganyiko ndani ya bakuli lenye mfuniko, weka kwenye friza, na ukoroge kila baada ya nusu saa hadi ugande.

Kwa nini chumvi? Chumvi huiyeyusha barafu, na barafu inapoyeyuka huvuta joto kutoka kwa kila kilicho karibu nayo, hata maziwa yaliyo ndani ya kopo. Maji yenye chumvi yanaweza kuwa baridi kuliko barafu yenyewe bila kuganda. Ndiyo sababu barafu peke yake haitoshi kugandisha maziwa. Lakini tahadhari: baridi hiyo yaweza kuunguza ngozi. Watoto wasitie mikono ndani ya ndoo, na mtu mzima ashike kopo kwa kitambaa. Barafu ya ndooni isiliwe. Maji yake yasimwagwe kwenye sukuma wiki wala yasiachwe mahali ambapo ndama anaweza kuyanywa.

Kuandaa glasi

Chukua glasi 4 ndefu. Gawanya ile chupa moja ya soda sawasawa katika glasi zote. Kila moja itapata robo tu. Kisha telezesha aiskrimu vijiko viwili vikubwa juu yake, polepole.

Povu litapanda mara moja. Soda ina hewa iliyoshindiliwa ndani yake. Ikigusa aiskrimu, hewa hiyo hutoka kwa haraka, na mafuta na protini ya maziwa huishika ikawa povu. Hapo ndipo watoto hupiga makofi! Acha nafasi ya vidole vitatu juu ya glasi ili isimwagike. Aiskrimu iliyobaki igawanywe kwenye vibakuli. Iliyoyeyuka isigandishwe tena ili iliwe kesho.

Ukitaka kuacha soda kabisa, tumia soda maji isiyo na sukari pamoja na maji ya matunda ya karakara yaliyochujwa mbegu. Usijaribu kutoa povu kwa magadi. Magadi si ya kinywaji cha mtoto.

Hesabu ya sukari

Sasa chukua ile kalamu. Soma karatasi ya chupa ya soda. Soda nyingi zenye sukari zina karibu gramu 10 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina gramu 30. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Gawanya 30 kwa 4, utapata vijiko 7 na nusu.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu za mwili zinazotokana na chakula cha siku. Kwa mtoto wa miaka 5 hivi, hiyo ni vijiko 7 au 8 kwa siku nzima, na ni bora zaidi kama itakuwa nusu ya hapo. Kumbe chupa moja tu imemaliza fungu lote, kabla hujahesabu chai ya asubuhi.

Katika kipimo chetu, kila mtoto anapata karibu vijiko 2 vya sukari kutoka kwa soda na kijiko 1 kutoka kwa aiskrimu. Jumla haifiki 3. Utamu uliobaki umetoka kwenye ndizi.

Huenda mama mmoja anauliza, "Na nikitumia sukari nguru kutoka hapa kwetu kwenye miwa?" Mama, sukari nguru pia ni sukari. Ipime vile vile. Mwingine anauliza juu ya meno. Kinachoharibu meno zaidi ni kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Mpe mtoto glasi yake pamoja na chakula, aimalize, kisha anywe maji. Usiku apige mswaki kabla ya kulala. Soda za kola zina kafeini pia, kwa hiyo kwa watoto chagua nyingine. Vinywaji vya kuongeza nguvu visipewe mtoto kamwe.

Mtoto anapoharisha, soda si dawa

Wengi wetu tumezoea kumpelekea mgonjwa soda. Mtoto akiharisha, jirani mwema husema, "Mpe soda arudishe nguvu." Hapa tusikilizane vizuri. Sukari nyingi iliyo katika soda huvuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, na kuhara huzidi. Tena soda haina chumvi ya kutosha kurudisha ile iliyopotea. Kinachoua mtoto anayeharisha mara nyingi ni kuishiwa maji na chumvi mwilini.

Mpe ORS. Changanya kwa maji safi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ulizia pia vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Kama pakiti ya ORS haijapatikana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, vitasaidia ukiwa njiani kuitafuta. Usizidishe chumvi.

Kimbia kituo cha afya ukiona mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, macho yamezama, ana degedege, au kinyesi kina damu. Usingoje asubuhi.

Mambo ya kukumbuka

Chini ya miaka 2, hapana soda.
Maziwa yachemshwe, hata ya ng'ombe wa nyumbani.
Kugandisha hakuui viini.
Chupa moja, watoto wanne, siku za sherehe tu.
Mtoto akiharisha, ni ORS na zinki, si soda.

Akina mama na walezi, tumefika mwisho wa mazungumzo ya leo. Yale uliyoyaandika, msomee pia yule dada au nyanya anayebaki na watoto ukienda sokoni au shambani, kwa maana mara nyingi yeye ndiye anayewapa kikombe.